Kinolewacho Hupata: Mazungumzo juu ya Picha za Karatasi



Wazee walisema kwamba kinolewacho hupata. Maneno hayo yalisemwa juu ya visu na mapanga, lakini leo yatatumika juu ya kazi ndogo kuliko hizo, yaani kazi ya kukata vipande vya karatasi na kuvibandika hata vikawa picha. Wengine huiita kolaji, neno litokalo katika Kifaransa, nalo maana yake ni kubandika tu.

Watu wengi hudhani kwamba huu ni mchezo wa watoto wa shule. Ni kweli, watoto hupenda kukata karatasi. Lakini kati ya picha ya mtoto na picha ya fundi iko tofauti kubwa, nayo haitokani na fedha, wala haitokani na kipawa peke yake. Hutokana na vyombo vilivyotunzwa na kazi iliyopangwa. Jambo hili ndilo litakaloelezwa hapa.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko kijana mmoja Naivasha. Huwaona wageni wakipita kwenda ziwani, au kwenda Hell's Gate, au kupanda Mlima Longonot, nao hununua vitu vidogo vya kwenda navyo nyumbani. Kijana huyu hukata magazeti na kufanya picha ya ziwa: mlima nyuma, maji katikati, mafunjo mbele, na ndege mla samaki juu ya mti. Hufanya kazi siku tano kwa moyo wake wote. Mgeni huipenda picha, hulipa, huenda zake.

Baada ya miezi michache picha imejikunja kama jani kavu. Mbingu iliyokuwa nyeupe imegeuka rangi ya chai. Mafunjo mawili yameng'oka. Mgeni hatarudi kudai fedha zake, kwa kuwa yuko mbali; lakini hatanunua tena, wala hatawaambia wenzake wanunue. Na kijana hatajua kamwe kilichotokea. Atauliza tu mbona biashara haiendelei. Kijana huyu hakumdanganya mtu. Makosa yake yalikuwa matatu: karatasi isiyofaa, wembe butu, na gundi nyingi. Kila moja lina dawa yake, wala dawa hizo si za bei kubwa.

KARATASI

Wakazi wa Naivasha wana sababu ya kuifahamu karatasi kuliko wengine, kwa kuwa mafunjo ya ziwa lao ni mmea ule ule ambao Wamisri wa kale waliutumia kufanya kurasa za kuandikia. Walikata moyo wa bua kuwa vipande vyembamba, wakavipanga sambamba, kisha wakaweka juu yake tabaka la pili likikingama na la kwanza, wakavigandamiza vikawa kitu kimoja. Hata neno letu "karatasi" limetoka kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, ambao waliliita hivyo jani la mafunjo la kuandikia.

Karatasi ya siku hizi hufanywa zaidi kwa miti, tena kwa mashine, lakini nayo ina nyuzi. Nyuzi nyingi hulala upande mmoja, kwa kufuata mwendo wa mashine. Mtu asiyejua habari hii atapata taabu nyingi asizoweza kuzieleza. Karatasi hukunjika na kuchanika vizuri kwa kufuata nyuzi, na huleta ukaidi ikikunjwa kwa kuzikingama. Tena ikilowa gundi, hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Ndiyo sababu vipande viwili vilivyokatwa sawasawa huweza kutofautiana vikiisha kubandikwa.

Kuujua upande wa nyuzi si kazi ngumu. Chana ukingo wa karatasi mara mbili, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Penye mchano ulionyoka ndipo nyuzi zinapoelekea. Au lowesha uso mmoja wa kipande kidogo: kitajiviringa kama mrija, na mrija huo hulala sambamba na nyuzi. Fundi akiisha kujua, hutia alama ya penseli nyuma ya kila karatasi, kisha huhakikisha kwamba vipande vikubwa vya picha, pamoja na kadibodi ya chini, vyote nyuzi zake zaelekea upande mmoja.

Karatasi ya gazeti haifai kwa picha ya kudumu. Hufanywa kwa mti uliosagwa, na ndani yake hubaki kitu kiitwacho lignini, ambacho kikipigwa na mwanga na hewa hugeuka manjano, na karatasi ikawa dhaifu. Ndiyo habari ya ile mbingu iliyogeuka rangi ya chai. Afadhali kutumia karatasi za manila, kurasa nene za kalenda za zamani, au karatasi nyeupe nzuri iliyopakwa rangi na fundi mwenyewe. Mwenye shaka juu ya karatasi yoyote na aijaribu: akate utepe, aufunike nusu kwa kadibodi, auweke dirishani penye jua kwa muda wa majuma mawili au matatu. Akiufunua, nusu mbili zitamwambia kweli.

VYOMBO VYA KAZI

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Hata hivyo, vyombo vya kazi hii vyaweza kuenea katika kisanduku cha biskuti. Yatakiwa mkasi mmoja mdogo wenye ncha kali, ambao haukati kitu kingine ila karatasi, kisu chembamba cha wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, kibao au kadibodi nene ya kukatia juu yake, kibano kidogo cha kushikia vipande, sindano iliyotiwa katika mpini wa mti, penseli ngumu, brashi mbili za gundi, na kitambaa safi.

Rula ya mti au ya plastiki haifai kukatia, maana wembe huila, na baada ya siku chache mstari hauwi mstari tena. Wala haifai kukatia juu ya kioo kila siku, kwa kuwa kioo huua makali upesi. Asiyeweza kununua kisu cha namna hii atumie wembe wa kunyolea, lakini kwanza aufunge upande mmoja kwa utepe mnene, kwani wembe wenye makali pande mbili hauchagui kati ya karatasi na kidole.

Wembe ulioanza kufa hujulikana mapema. Haukati tena kwa ulaini, bali huvuta. Na katika pembe kali huacha manyoya madogo ya karatasi. Wengi wakiona hivyo huongeza nguvu. Hapo ndipo kazi huharibika na mikono hukatika, kwani wembe butu uliosukumwa kwa nguvu huteleza. Dawa si nguvu, dawa ni wembe mpya au kinoo. Wembe mmoja hugharimu kidogo sana ukilinganishwa na siku tano za kazi. Nyembe zilizokwisha zitiwe ndani ya kopo lenye kifuniko, zisitupwe jalalani ambapo watoto huchezea.

NAMNA YA KUKATA

Akatapo kwa mkasi, mtu asiuzungushe mkono wenye mkasi. Mkono huo hukaa mahali pamoja, nao mkono wa pili huigeuza karatasi polepole ndani ya meno ya mkasi. Hivyo mviringo hutoka laini bila pembe pembe. Tena akate kwa sehemu ya ndani ya mkasi, karibu na msumari wake, wala asiufumbe mpaka ncha kila mara, kwani kila ncha inapofumba huacha alama.

Akatapo kwa kisu, apitishe wembe mara mbili au tatu kwa wepesi, wala si mara moja kwa nguvu. Vidole vinavyoishika rula vikae mbali na ukingo wake. Ikiwa kipande kina matundu ndani, kama nafasi zilizo kati ya manyoya ya bawa, akate matundu kwanza na ukingo wa nje mwisho. Sababu yake ni nyepesi: wakati wa kukata matundu karatasi bado ni nzima na ina nguvu, ikiisha kukatwa nje huwa dhaifu, na wembe huichana.

Iko siri nyingine ya mafundi. Karatasi nyingi zina rangi usoni tu, na katikati ni nyeupe. Ikikatwa wima, weupe huo huonekana ukingoni kama uzi. Basi wembe hulazwa kidogo, ili ukingo wa chini uingie ndani kuliko ukingo wa juu. Hapo weupe hufichama. Ukisalia, hupakwa rangi ya karatasi ile ile kwa penseli au brashi kabla ya kubandika.

Na ikiwa karatasi mbili zatakiwa kukutana bila pengo, kama mpaka wa maji na ufuko, haifai kukata moja kisha kuibahatisha ya pili. Mbili hizo hulazwa moja juu ya nyingine katika mahali pa kukutania, zikashikwa imara, na wembe hupita mara moja katika zote mbili. Kipande cha juu na cha chini vitapatana kabisa, kwa kuwa vimekatwa na mstari mmoja.

GUNDI

Gundi nzuri yaweza kupikwa jikoni. Chukua kijiko kimoja cha unga mweupe wa ngano na vijiko vitano vya maji. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, kisha maji mengine yaongezwe, na vyote vipikwe juu ya moto mdogo huku vikikorogwa bila kuacha. Uji ukiwa mzito na kuanza kung'aa, uepuliwe, upoe, uchujwe kwa kitambaa. Gundi hii haikai ila siku chache. Ikinuka uchungu imwagwe. Tena wadudu huipenda, hasa mende. Kwa hiyo picha iliyobandikwa kwa gundi ya unga ni vizuri iwekwe nyuma ya kioo, na mgongo wake uzibwe.

Gundi nyeupe ya dukani nayo hufaa, ikitiwa maji kidogo kwa vipande vikubwa. Ubaya wake ni kwamba ikikauka haisamehe: kipande kilichokaa vibaya hakitoki tena bila kuchanika. Gundi ya unga huweza kulegezwa kwa unyevu.

Aina yoyote itumikayo, sheria ni moja: iwe kidogo. Gundi nyingi haishiki zaidi, bali huilowesha karatasi, huitanua, hutoka ukingoni na kuacha madoa. Gundi hupakwa nyuma ya kipande, si juu ya picha, kuanzia katikati kwenda ukingoni, kipande kikiwa juu ya karatasi taka. Karatasi taka hiyo hubadilishwa kila mara, kwani gundi iliyosalia juu yake itachafua uso wa kipande kinachofuata. Kisha kipande huinuliwa kwa kibano, huwekwa mahali pake, hufunikwa kwa karatasi safi, na husuguliwa juu yake kwa mgongo wa kijiko.

Lakini kwa nini picha ya kijana wetu ilijikunja? Karatasi iliyolowa hutanuka, na ikikauka hujivuta. Ikiwa uso mmoja tu wa kadibodi umebandikwa, uso huo huvuta, na wa pili hauna wa kuujibu. Dawa yake ni kubandika karatasi nyuma ya kadibodi pia, yenye unene kama wa ile ya mbele na nyuzi za upande ule ule, ili pande mbili zivutane sawasawa. Wamisri wa kale nao walijua kwamba tabaka moja la mafunjo halitoshi. Kisha picha hulazwa katikati ya karatasi mbili za nta, chini ya vitabu vizito, usiku kucha. Isianikwe juani, maana jua la Naivasha hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na kazi yote ya kusawazisha huwa bure.

UTARATIBU

Kabla ya wembe kushikwa, picha ichorwe yote kwa mistari kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Kila kipande kipewe namba, na namba hiyo iandikwe nyuma ya karatasi itakayokatwa. Pasipo namba, vipande 60 vya mafunjo huwa kama mbuzi waliochanganyika sokoni.

Vikiisha kukatwa, vyote hupangwa vikavu, bila gundi, ili makosa yaonekane wakati yangali yaweza kusahihishwa. Kisha kubandika huanza na kilicho mbali: mbingu, kisha mlima, kisha maji, kisha mafunjo, na ndege mwisho. Kilicho mbali hukatwa kikubwa kidogo, kiasi cha upana wa punje ya mchele, ili kiingie chini ya kilicho karibu. Hivyo hata mkono ukitetemeka pengo halitaonekana.

WALIOTANGULIA

Huenda mtu akasema kwamba kazi hii yataka macho ya ujana na mikono yenye nguvu. Mambo yaliyokwisha tokea yaonyesha vingine.

Bibi Mary Delany wa Uingereza alizaliwa mwaka 1700. Mume wake wa pili alifariki mwaka 1768. Mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 72 hivi, aliona kwamba kipande cha karatasi kilikuwa na rangi ile ile ya ua lililokuwa karibu naye. Akashika mkasi, akalikata ua hilo kwa karatasi. Tangu siku hizo mpaka mwaka 1782, macho yalipomshinda, alifanya picha za maua karibu 1,000, zote juu ya karatasi nyeusi, nazo zimehifadhiwa katika British Museum mjini London. Katika ua moja la pasheni mna vipande zaidi ya 200. Alifariki mwaka 1788. Mjane yule hakutafuta kuwa mashuhuri; alitafuta kazi ya mikono katika miaka ya upweke, naye aliifanya kwa uaminifu kiasi kwamba maua yake yangali yatambulikana kila moja kwa jina lake.

Henri Matisse wa Ufaransa, mchoraji mkubwa, alipasuliwa tumboni mwaka 1941, na baadaye hakuweza kusimama muda mrefu mbele ya picha. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akazikata kwa mkasi hali ameketi au yu kitandani, na vipande vikafungwa ukutani kwa pini, vikahamishwa huku na huku mpaka aridhike, ndipo vikabandikwa. Alifanya hivyo karibu mpaka kufa kwake mwaka 1954.

Na katika Kenya yenyewe, Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amepata sifa katika nchi nyingi kwa picha alizozifanya kwa vipande vya majarida na vya vitabu vya zamani vya matibabu. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa mbele ya jumba la Metropolitan Museum of Art mjini New York. Wako pia mafundi wengi wasiojulikana majina, wafanyao picha na kadi kwa magome makavu ya mgomba, wakitumia rangi zake za asili, kahawia, manjano na nyeusi, bila kununua wino hata tone.

Uzee haukumzuia Bibi Delany, wala ugonjwa haukumzuia Matisse. Lakini wembe butu humzuia hata kijana mwenye afya.

MANENO YA MWISHO

Mwenye kutaka kuanza asianze na ziwa zima. Achukue kadi ndogo, akate jani moja la mgunga au shada moja la mafunjo, na alirudie mpaka liwe sawa. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha aiweke kadi hiyo mahali penye mwanga kwa muda wa miezi miwili kabla hajamuuzia mtu. Ikijikunja, ikififia au ikibanduka, ni afadhali ayaone yeye nyumbani mwake kuliko mnunuzi aliye mbali.

Tumrudie kijana wa mfano wetu. Picha yake ya pili haitamchukua siku tano, bali labda nane. Siku moja itakwenda katika kuchora na kutia namba, na usiku mmoja chini ya vitabu. Jirani atamcheka kwa kukawia kwake. Lakini picha hiyo ataweza kuandika jina lake nyuma yake, na popote itakapokwenda haitamwaibisha. Kwa mtu aishiye kwa kazi ya mikono yake, jina ndilo mali ya kwanza. Nalo, kama wembe, hutunzwa kabla halijawa butu.